Sare ya Rangi ya Papai

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimetoka kwa kina Hanifa nimeudhika. Si hasira kubwa, ni zile za kuwasha tu. Saa kumi stima ilipotea, jirani akawasha jenereta yake ile ya kukohoa. Twaiba hakungoja hata kidogo — Mwana, inuka ucheze, wimbo wako huo! Hanifa alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Nami nikacheka. Nifanyeje?

Mara ya mia sasa. Lori la miwa likipita kutoka Ramisi na ekzosi imetoboka — bendi yenu hiyo, Mwana, wasalimie. Mbuzi akilia uani — mwalimu wako wa sauti amekuja. Fulana yangu nyeusi yenye fuvu, ati niwaazime wakaitundike shambani ifukuze ngedere.

Nawapenda, wallahi. Tumekaa mkeka mmoja chuo cha Kurani tangu tuna miaka sita, mimi na Hanifa na Twaiba. Lakini roki ninayosikiliza mimi hawajaisikiliza hata dakika moja kamili. Wanaijua kwa kuitania tu. Waulize watu wa roki nzito ni watu gani: wavuta bangi, hawaswali, wanakunywa damu ya paka. Paka gani! Nina miaka ishirini na tatu, naswali, nashona madera, sijamfanya paka yeyote lolote.

Haya, habari yenyewe. Harusi ya Hanifa ni Ijumaa tarehe 22. Nikaha baada ya swala, shughuli ya wanawake alasiri. Sare imechaguliwa: rangi ya papai lililoiva likapitiliza, na lesi ya dhahabu mikononi. Mbaya! Na wa kuzishona zote ni mimi, pale kwa Fundi Abdulwahab. Mwenye sare ndiye mtu wa bibi harusi, anakaa mbele, anamtoa nje, anapigwa picha naye. Asiye na sare ni mgeni kama wageni wengine — aje ale, aondoke. Nimeshajiona nimekaa mbele nimefanana na papai. Na nimefurahi. Makubwa.

Jumatatu, 4 Agosti

Fundi akienda msikitini adhuhuri, duka linakuwa langu kwa nusu saa. Mimi naswali akirudi. Nusu saa hiyo ndiyo ya mazoezi.

Musyoki amenitumia ngoma mpya walizorekodi. Musyoki ni mpishi wa hoteli, anakaa Ukunda. Miaka miwili nyuma alikuja dukani na koti la jinzi anataka lishonwe viraka, vingi, kila kimoja na jina la bendi. Nikamuuliza hivi ni vya nini. Akanivalisha waya za masikioni nikiwa bado nimeshika sindano. Basi. Sikurudi tena nilikokuwa.

Sasa ana bendi ya watu watatu na hawana sauti. Wanataka ile ya kunguruma. Walinisikia mara moja kwa simu, wakasema ni mimi tu. Mimi! Tarehe 30 watapiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, uani kwa mtu huko Tiwi. Kundi letu la simuni linaitwa Chuma Pwani. Watu kumi na mmoja, kutoka Shimoni mpaka Tiwi, ndio sisi wote. Humo hakuna anayeniuliza kwa nini.

Kunguruma si kupiga makelele, hili watu hawalielewi. Pumzi inatoka chini kabisa tumboni, koo unalilegeza, unaisukuma polepole. Ukikosea utakohoa siku tatu. Nakanyaga cherehani kwa kasi ili kelele zake zinifunike, lakini leo muuza viatu wa ng'ambo ya barabara amechungulia. Kesho nitajifunika kichwa. Kuna kitambaa kinene cheusi cha buibui, hicho kitameza sauti.

Jumatano, 6 Agosti

Lo, aibu ya leo!

Bi Shutu, shangazi yake Hanifa, ndiye mkubwa wa shughuli nzima. Mimi namwita Shangazi vilevile. Alikuja adhuhuri kuleta lesi. Mimi nipo nyuma ya duka nimekaa kitini, kitambaa cheusi kichwani mpaka magotini, waya masikioni, mwili unanitikisika kwa ule mdundo, nanguruma. Sijui alisimama pale muda gani. Nasikia alinisalimu mara tatu. Na kila alipotoa salamu, akajibiwa na ngurumo!

Nilipofunua kichwa alikuwa ameshika fremu ya mlango, midomo inamcheza, anasoma dua. Akauliza kwa sauti ndogo: Ameondoka? Nikasema Fundi yuko msikitini, Shangazi, shikamoo. Hakuitikia. Aliweka lesi kizingitini akaondoka kinyumenyume.

Nadhani amekasirika sikumwitikia salamu. Nikimwona nitamwomba radhi. Nilimsimulia Twaiba — yeye ni mchoraji hina, alikuwa anachanganya hina — akacheka mpaka akaimwaga. Umemtia Shangazi homa, ati. Jioni nimemsikia anamsimulia mtu mwingine, na kitambaa chenyewe amekirefusha kimefika sakafuni.

Alhamisi, 7 Agosti

Vitambaa vimeletwa na orodha ya majina. Kumi na moja.

Hanifa aliniambia kumi na wawili.

Nimeisoma mara nne. Nikavipima vitambaa, nikafikiri labda wamesahau jina langu tu na kitambaa kipo. Mita nne kila mtu, mara kumi na moja. Hakibaki hata cha kushona mfuko.

Fundi akaniona nimekaa na tepu shingoni sishoni. Kuna nini? Nikamwambia lesi imepungua. Akaipima lesi. Akasema lesi inatosha na inabaki, macho yangu nikayatibu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda. Nilisema siendi, nikaenda.

Hanifa amekwishawekwa ndani, anasingwa mwili kwa liwa ya msandali mpaka siku yake. Mlangoni Bi Shutu. Na hakuwa mkali! Laiti angekuwa mkali ningejua la kumjibu. Alinishika mkono. Mwanangu, si wewe, wewe hatuna neno nawe tangu utoto. Ni huyo uliye naye. Bibi harusi akiwa ndani yuko wazi, chochote kikipita kinamwingia. Mwenye pepo asiyetulizwa hamkaribii, na sare yake haivai, maana wote ni mwili mmoja siku ile.

Nikamwambia Shangazi, ule ni muziki. Nilikuwa najifunza kuimba. Akatikisa kichwa, ndiyo mwanangu, ndiyo — vile unavyomtikisia mgonjwa anayesema amepona.

Kisha sauti ya Hanifa kutoka ndani: Mwana, usikasirike, ni Shangazi tu. Na ya Twaiba juu yake: Mwambie huyo mgeni wako aje na sufuria lake la pilau! Vicheko. Cha Hanifa kilikuwemo, nakijua, kinaanza na kikohozi.

Hakusema mwacheni aingie. Alisema usikasirike! Nimekasirika. Nimekasirika mpaka nimepita njia ya nyumbani nikafika kisimani bila kujua.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemkalisha Twaiba kitako. Leo hutanii, nikamwambia, leo unasikiliza. Nikamvalisha waya mwenyewe. Nikachagua wimbo mpole kuliko yote, ule nitakaouimba tarehe 30.

Akakunja uso. Akafumba macho. Akasema, nani anayemuumiza huyu? Nikamwambia hakuna anayemuumiza, amefiwa. Ndugu yake amekufa na kila mtu anamwambia nyamaza, naye amechoka kunyamaza. Twaiba akaziacha waya masikioni. Kweli akaziacha, wimbo ukaenda mpaka katikati. Nikasema moyoni, nimempata!

Akavua waya. Sasa si angekwenda akalie kwa mamake kama watu?

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba ananichekesha.

Sikumwambia la Mama. Mama alipokufa walinishika mikono mtu mmoja mmoja: subira, mwanangu, subira. Nikasubiri. Sikulia siku ile wala ya tatu wala arubaini. Mwaka mzima nilikuwa nashona na kooni kama nimemeza kifungo. Siku Musyoki aliponivalisha zile waya, nililia mbele ya mteja, mwanamume wa watu hata jina simjui. Hayo nitamwambia Twaiba vipi? Ataniuliza kwa nini sikulia kwa mama yangu kama watu.

Jumanne, 12 Agosti

Bi Shutu amekuja kwetu na halua. Amekaa na Bibi ukumbini, mimi nikaambiwa nikakoleze makaa.

Alipoondoka Bibi akaniita. Hakugomba. Alikuwa na huzuni, na ndani ya huzuni kama amepumua. Anasema alijua siku nyingi. Pepo aliingia ulipofiwa na mama yako, moyo ulikuwa wazi. Ndiyo maana.

Ndiyo maana nini, Bibi?

Nyeusi. Nikamwambia nyeusi naipenda mimi. Naam, wanaipenda nyeusi. Pete ya fedha hii nilinunua mwenyewe. Naam, hiyo ndiyo wanayoitaka. Kukaa peke yangu? Ndiyo. Kutopenda nyimbo za harusi? Ndiyo hasa! Bibi, si pepo, ni mimi! Akanipapasa bega. Wote husema hivyo, mjukuu wangu.

Kila ninachokipenda kipo kwenye orodha yao. Unabishana vipi na hilo?

Wamekwishapanga. Kuna mama mmoja wa upande wa Ramisi, Mama Mbodze, anayewatuliza. Jumapili asubuhi, hapa kwetu, akina mama wachache na kayamba zao za kutikisa. Pepo akisema jina lake na haja yake, akikubali kutulia, basi. Bi Shutu mwenyewe ataniletea kitambaa. Nitakuwa wa kumi na mbili.

Na nikikataa? Bibi akasema, ukikataa watasema unampenda. Hapo hawatakuonea huruma tena.

Alhamisi, 14 Agosti

Sare ya saba leo. Ya Twaiba. Kiuno chake ameniandikisha uongo, nimempima upya kwa macho nikaongeza.

Fundi Abdulwahab amesikia, nani hajasikia? Alisema muziki haupendi, na ngoma za pepo hazipendi, nimletee mkasi. Huyo ndiye mtu pekee niliyepumzika naye wiki hii.

Hanifa hajapiga simu. Ametuma kikaragosi cha moyo. Moyo wa rangi ya machungwa!

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma.

Nikisema ni muziki, mimi ni mpotovu, nafuata mashetani kwa hiari yangu. Nikisema ni pepo, mimi masikini, si kosa langu, karibu ndani, chukua sare. Ukweli unanitoa nje na uongo unaniingiza. Halafu wanasema niwe mkweli!

Na mimi nataka kuingia. Naandika hapa maana sitasema popote: nataka lile dera baya. Nataka kumtoa Hanifa nje nimemshika mkono wa kushoto, kama tulivyopangana tukiwa darasa la sita. Mkono wa kushoto mimi, wa kulia Twaiba.

Ni asubuhi moja tu. Nitasema jina lolote. Nani ataumia?

Nimemwambia Bibi sawa. Alilia, masikini, kwa furaha. Nikajiona mwizi.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika haraka kabla sijasahau ilivyokuwa.

Mkeka katikati ya chumba. Ubani, udi, moshi mpaka macho yanawasha. Akina mama tisa. Twaiba kakaa pembeni karibu na mlango, kaja kucheka, nilimjua kwa vile alivyouma midomo. Mama Mbodze si vile nilivyodhani. Mama mnene mpole, ana mafua, anapenga kila mara. Akanifunika shuka.

Wakaanza kayamba. Na hapo — sijui niandike vipi. Nilikuwa nimejitayarisha kuigiza. Lakini ule mdundo! Unakwenda kasi chini, na juu mwingine unauvuka, sawasawa na ngoma za bendi yetu, sawasawa! Kina mama wa Msambweni! Mwili ukaanza wenyewe. Nikavuta pumzi kutoka kule chini nikaitoa. Nzima. Wimbo wote wa tarehe 30, beti zote tatu, chini ya shuka. Nilipofika mahali pa yule aliyefiwa niliacha maneno yake nikatia yangu. Nilimwita Mama. Kwa sauti ile. Nilimwita mpaka pumzi ikaisha.

Vigelegele! Hakuna aliyecheka. Sijasikilizwa hivyo tangu nizaliwe. Mtu mmoja alikuwa analia, nadhani Bibi.

Mama Mbodze akauliza, nani wewe? Jina sikuwa nalo. Umetoka wapi? Nikafikiria zile bendi, nikasema, kwenye nchi ya baridi. Pakawa na mnong'ono chumba kizima: Mzungu! Mama Mbodze hakushtuka, akasema Wazungu anawajua, amewatuliza wengi, ni watu wa usafi na hawapendi pilipili. Nusura nicheke. Na unataka nini?

Nilikuwa nimepanga kusema maji ya marashi. Ikanitoka: sare.

Hakuna aliyecheka tena. Bi Shutu akasema mara moja, atapewa. Sharti moja, asitoke ovyo. Akitaka kutoka atoe habari kwanza, Mama Mbodze aje na kayamba. Nikaitikia kwa kichwa, ndani ya shuka.

Nilipofunuliwa nilimtafuta Twaiba, tuangaliane. Alikuwa ameinamisha macho. Haumi midomo tena.

Sasa ni adhuhuri na koo linaniuma na ninajisikia mwepesi, mwepesi kabisa. Na nimeshika tama. Haikuwa pepo. Nilikuwa mimi yule, mimi mwenyewe, na sauti yangu wamempa mtu mwingine.

Jumatatu, 18 Agosti

Kitambaa kimeletwa. Mita nne. Bi Shutu ameleta kwa mkono wake, ameketi, ameuliza nikoje, mkono hakunipa.

Nimelikata dera langu adhuhuri, Fundi akiwa msikitini. Sikufanya mazoezi. Niliahidi, na hata kama sikuahidi, muuza viatu wa ng'ambo ameketi mlangoni kwake ameelekeza kiti huku.

Musyoki ameandika. "Mwana, ni ukweli wanavyosema huku Ukunda?" Sijajibu. Jana mchana ilikuwa Msambweni, leo asubuhi Ukunda!

Jumatano, 20 Agosti

Nimekwenda Ukunda kununua zipu. Uongo, zipu zipo. Nimekwenda kumwona Musyoki.

Tumesimama geti la nyuma la hoteli, amevaa ile nguo yake nyeupe ya jikoni, anaangalia saa. Nikamweleza yote. Hanifa, sare, Bibi. Nilidhani atacheka.

Akaniuliza jambo moja. Uliwaambia ni pepo? Nikasema niliitikia tu. Akasema ni hivyo hivyo.

Kumbe hadithi yake sikuwahi kuijua. Kwao ni huko Shimba Hills, mamake ni mtu wa kanisa. Alipokuwa na miaka kumi na saba walimkuta na koti kama lile. Wachungaji wawili, mafuta, wakamshika kichwa, wakataka alitaje jina la huyo pepo. Akakataa. Akasema hakuna mtu humu ila mimi. Alilala ghala la mahindi wiki tatu, na mamake, Mama Kalekye, alikuwa anamwachia chakula mlangoni hamsemeshi. Anasema angetaja tu jina lolote, hata la mbwa wao, angelala kitandani kwake.

"Miaka saba nawaambia watu hakuna pepo. Wewe umeenda kuwaambia yuko, na hata kwao umewatajia."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Nikamuuliza kuhusu tarehe 30. Akasema wataona. Kengele ya jikoni ikalia, akaniambia nisikae kwenye jua.

Kundini Chuma Pwani hakuna aliyenitoa. Nimeandika salamu saa nane. Watu kumi wamesoma.

Alhamisi, 21 Agosti

Sare zote kumi na mbili zimekwisha, zimepigwa pasi, zimetundikwa. Fundi alizikagua mishono. Akasema kazi safi, rangi Mungu atusamehe. Nilicheka peke yangu hadi machozi, na yeye hakuelewa ninacheka nini.

Ijumaa, 22 Agosti

Niko chumba cha mikoba, kwa kina Hanifa. Wenzangu wako uani. Nimechukua daftari kwenye mkoba maana nisipoandika nitapasuka.

Nimevaa. Limenikaa sawa, papai na yote. Nilimshika Hanifa mkono wa kushoto tukamtoa nje. Mrembo, wallahi, hina ya Twaiba imemfika mpaka viwikoni. Picha zimepigwa. Nimo katika zote. Nilichokitaka nimekipata, asije mtu akasema sikukipata.

Lakini.

Nilipofika asubuhi nilipewa kiti. Kiti! Wenzangu kumi na mmoja mkekani, wamebanana, wanapakana poda, na mimi kitini kama mke wa kadhi. Nikasema naja kukaa huko. Wakasogea. Si kunipisha, walisogea kila mmoja, pakabaki mahali pa watu wawili, na mimi nimekaa katikati yake.

Nikamwambia Hanifa sikioni, naona leo mmeniweka mezani kama keki. Akanishika mkono. Akaniuliza nimechoka? Akaniuliza kwa ule upole wa shangazi yake.

Kisha kidogo tu, baada ya alasiri, wamewasha spika za muziki na waya umekaa vibaya. Ikatoka sauti ile — ngrrrr, ikafuatiwa na mlio mmoja mkali, watoto wakaziba masikio. Uwanja mzima ukageuka. Na wote wakanitazama. Nikamtazama Twaiba. Nikangoja. Ilikuwa dhihaka yake ile, ametengenezewa, angeisema hata usingizini! Nilikuwa nimekwishaanza kutabasamu.

Twaiba akatazama mikono yake.

Basi nikaisema mimi. Kwa sauti, wote wasikie: Jamani mwanitazamia nini, mimi nimefunga mdomo, huyo ni binamu yangu! Nikacheka.

Hakuna aliyecheka nami. Mama mmoja akasema Bismillahi. Bi Shutu akainuka haraka akaja akaniinamia, akauliza: Anataka kutoka? Tumpigie simu Mama Mbodze? Mambo yote kwa heshima. Nikasema hapana Shangazi, nilikuwa natania. Akasema ndiyo mwanangu, ndiyo. Akaniambia nikapumzike ndani kidogo, kuna kivuli.

Ndio niko hapa. Nje wameanza chakacha, nasikia miguu na vicheko. Kile kinachoanza na kikohozi.

Twaiba ameingia sasa hivi. Nikasema moyoni, amekuja kuomba radhi, au amekuja kuniambia nimefanana na nini. Amebeba sahani mbili za pilau.  Ameziweka juu ya kasha, moja huku, moja kule.

Hii yako, akasema. Na hii yake, tumemtolea pilipili.

Nikamtazama. Nikangoja acheke. Nimemjua tangu tuna miaka sita, huwa hawezi kujizuia, pua inamcheza kwanza. Nikaitazama pua.

Ametoka, lakini hakwenda mbali. Amesimama nje ya pazia, miguu yake naiona chini, ile hina. Nimemwambia Twaiba, njoo tule, hizi ni nyingi. Anasema hapana, mle tu salama, yeye atangoja sahani.